Mkono wa Mfiwa

Siku aliyovaa chuma kwa mara ya kwanza, Vuai kinyozi alitembea akiegemea upande mmoja. Mkewe Mize alikuwa amemshonea mfuko wa siri ndani ya koti lake jeupe la kazi, ubavuni, akatia humo bastola ndogo, kisha akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kama anayemwandaa mtoto wa shule. "Baba Zume," alimwambia, "unashinda na shingo za watu kutwa. Ya kwako nani anaichunga?" Mize chuma chake alishakizoea, kilikaa kwenye kapu, chini ya kitambaa cha kufunikia chakula. Miaka yote ile kazini Vuai hakuwahi kuifikiria shingo yake hata siku moja, na sasa njia nzima alikuwa akiihisi, nyembamba, iko peke yake juu ya mabega, haina hata wa kuisemea.

Mji wenyewe jina usiniulize. Ulikuwa nalo zamani, ila tangu ilipopita Ruhusa watu waliacha kulitaja, maana mtu akikutajia mji wake kakwambia anakotoka, na anayejua unakotoka anajua pa kukungojea. Saa kubwa ya sokoni ilikuwa bado iko juu ya mnara wake, lakini mishale imeng'olewa. Baraza lilisema mishale ile inawaelekea watu. Basi ikawa mchana unafika pale watu wanapokubaliana kuwa umefika, na zipo siku hawakukubaliana, ikawa Jumanne inaendelea tu, watu wanalala na kuamka ndani ya Jumanne ile ile, mpaka mtu mmoja achoke na kusema, jamani, leo ni Jumatano, na wenzake wamkubalie kwa uvivu.

Ruhusa ilikuwa fupi. Kila mtu mzima aweza kubeba chuma ndani ya nguo zake, sokoni, msikitini, hospitali, popote pale, mradi kisionekane. Akimpiga mtu kwa hofu hana kosa, mradi hofu yake iwe ya kweli. Na hofu ya kweli ni ipi? Ni ile itakayokuta chuma kwa aliyepigwa. Ukimpiga mtu akakutwa nacho, uliogopa kweli, nenda nyumbani ukale. Akikutwa mikono mitupu, uliogopa uongo, na waongo wa namna hiyo walipelekwa nyuma ya jengo la Baraza wasirudi. Ama maiti, aliyekutwa na chuma alizikwa upande wa jalala, mbali na wazazi wake, pasipo jina, kwa kuwa alikuja kuua.

Usidhani watu wale walikuwa wajinga. Wajinga hawatungi kitu kilichonyooka namna hiyo. Machano, muuza masufuria, jirani wa Vuai ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeipigania Ruhusa kuliko mtu yeyote, na sababu alikuwa nayo. "Mimi hawa watu walinijia mchana kweupe," alikuwa akisema kila akija kunyolewa, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Walinifunga kwa kamba za dukani kwangu mwenyewe. Mwanangu walimpiga, mpaka leo anasikia kwa sikio moja. Nilipiga ukelele hadi koo likakauka, na mtaa mzima ukafunga madirisha. Nikasema basi. Sasa nani ataniingilia hovyo? Hajui nani anacho na nani hana. Utamu wake ndio huo, Vuai. Hajui."

"Na mimi je, nitajua vipi?"

"Wewe huna haja ya kujua. Wewe ogopa kidogo tu, kama wenzako."

Vuai alikuwa akicheka, halafu anamwinua kidevu na kumpitishia wembe kooni. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lililomshangaza asiwahi kumwambia mtu. Machano, aliyemwogopa kila anayepita mlangoni, alikuwa akilaza kichwa nyuma, anafumba macho, na mara nyingine anakoroma, na wembe uko pale pale penye mshipa. Wote walikuwa hivyo. Mji mzima uliojaa hofu ulikuwa ukija kumkabidhi koo mtu mmoja mwenye kisu, na hakuna aliyeona ajabu. Alijiuliza hofu yao huwa inakwenda wapi wakati ule, na kama inakwenda mahali, kwa nini isibaki huko huko. Alijiuliza pia kama yeye ni mtu kwao au ni sehemu ya kiti. Mtu unamwogopa, kiti hukiogopi. Kuna siku alitamani waogope japo kidogo, ajue kwamba wamemwona.

Sasa kulikuwa na desturi, na desturi hii ni ya kale kuliko Baraza. Mtu akifiwa anatia mkono wake wa kulia ndani ya nguo, anauweka kifuani juu ya moyo, na hautoi. Haamkii watu kwa mkono, hashiki kazi, chakula analishwa. Unaweza kumwona barabarani mkono umezama kifuani, na zamani wote waliokutana naye walikuwa wakimpisha na kuteremsha sauti. Anakaa hivyo mpaka atakapojihisi yuko tayari, ndipo anakwenda kwa kinyozi. Kinyozi anamnyoa nusu ya kichwa. Kisha anaweka wembe chini, anatia mkono wake mtupu ndani ya nguo ya mfiwa, anaushika ule mkono, anautoa nje, anawaonyesha watu waliopo, anauosha kwa maji. Baada ya hapo anamalizia nusu iliyobaki, na mtu anarudi kuwa hai. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuugusa mkono ule. Hata mfiwa akifa kabla hajanyolewa, anaitwa kinyozi kwanza autoe na kumnyoa, ndipo waoshaji waje.

Unaona shida iko wapi. Mkono kifuani ulikuwa na maana moja tu tangu dunia iumbwe, na Ruhusa ikaupa ya pili. Baraza halikukumbuka. Lilikumbuka misikiti na hospitali, likakumbuka mpaka saa ya mnara, na wafiwa likawasahau, kwa sababu siku ile lilipokaa hakuna mjumbe aliyekuwa na msiba.

Wa kwanza kuulipia usahaulifu ule alikuwa Ussi, fundi viti, mtu mpole hata kuku wake walimpanda mabegani. Mama yake alikufa. Akatia mkono kifuani, akapita sokoni akiwa hana habari, akasimama mbele ya masufuria ya Machano kwa sababu mama yake alipenda kusimama pale. Machano aliinua macho akaona mtu kasimama anamkodolea, mkono uko ndani. Akapiga. Aliyefika mbio wa kwanza ni Bi Kazija, mama yake Machano, akamwangukia marehemu kifuani, kanga ikawafunika wote wawili, akalia kilio ambacho kila mtu alisema ni cha huruma. Vuai alipofika na kuutoa mkono wa Ussi, ulikuwa na chuma. "Kimo mkononi," alisema, maana ndivyo alivyoona. Machano akaenda nyumbani akala. Ussi akazikwa upande wa jalala.

Hakuulizwa zaidi, naye hakusema zaidi. Lakini mikono ya wafu Vuai aliifahamu. Aliyekufa ameshika kitu, vidole vinakizunguka kwa hasira, huvifungui bila kutumia nguvu. Chuma cha Ussi kilikuwa kimelala kiganjani kama peremende aliyowekewa mtoto usingizini. Alikihisi kabla hajakiona. Tangu siku ile jambo hili lilikaa ndani yake, na kila Machano alipolaza kichwa na kufumba macho, Vuai alikuwa akilipitia upya, anaupitisha wembe, anafuta sabuni, anamwambia tayari, bwana, karibu tena.

Basi siku hiyo ya koti zito, ilikuwa Jumanne au tuseme bado ilikuwa Jumanne, Machano alikuwa benchini anangojea zamu pamoja na wateja wengine wachache, wakati mlango ulipofunguliwa akaingia Faki, mdogo wake Ussi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kifuani. Alikuwa amefiwa na mama, kabla hajanyolewa akafiwa na kaka, na misiba yote miwili alikuwa ameibeba kwa mkono ule mmoja mpaka shati limechanika begani.

Benchi zima likatia mikono ndani ya nguo. Vuai aliwatazama kwenye kioo, na kwenye kioo wote walikuwa sawa: safu ya watu waliokaa kimya, kila mmoja mkono wake uko kifuani, kila mmoja macho yake yako chini. Ungeingia ungesema wote wametoka makaburini. Hakuna ambaye angeweza kukuonyesha mfiwa ni yupi.

"Nimekuja unitoe," Faki alisema.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa."

Alimfunga shuka shingoni, shuka likafunika mabega na magoti na ule mkono. Akampaka sabuni. Akaanza upande wa kushoto, na wembe ulipopita juu ya sikio ukafunua kovu. Vuai alilijua kovu lile. Alikuwa ameliona kwenye kichwa cha Ussi.

Nimeshika kichwa cha nani? Cha Faki. Kovu ni la Ussi. Pengine walianguka pamoja, ndugu wanaanguka pamoja. Huyu nilishamnyoa akiwa amekufa. Au aliyekufa ni huyu, na yule ndiye atakayekuja kesho, na kesho ni Jumanne. Macho ya kwenye kioo yananitazama. Ni ya yupi? Ni macho yangu. Hapana, yangu yako juu zaidi. Shika wembe, Vuai. Nusu tu. Nusu halafu mkono.

"Kaka Vuai," Faki alisema, na hakuupunguza wala kuuongeza ukubwa wa sauti, "wewe ndiye uliyeutoa mkono wa ndugu yangu. Nambie. Alikuwa amekishika, au aliwekewa?"

Wembe ukasimama. Benchini mtu alikohoa.

"Kilikuwemo mkononi," Vuai alisema.

"Sikukuuliza kama kilikuwemo. Mji mzima unajua kilikuwemo. Mimi nililala chumba kimoja na Ussi tangu utotoni, chuma hakuwa nacho. Sitaki roho ya mtu, kaka. Waliokaa hapo wanisikie: sitaki. Nataka kumtoa jalalani nikamlaze karibu na mama. Baraza limesema kinyozi akibadili neno lake, litamhamisha. Neno lako tu."

Hapo Vuai alielewa kwamba neno lile lina uzito wa watu wawili. Akisema aliwekewa, Ussi atalala kwa mama yake na Machano atapelekwa nyuma ya jengo la Baraza. Na Machano alikuwa pale, hatua chache, mkono ndani ya nguo, anamtazama kwenye kioo, wala hakutazama kwa ubaya. Alitazama kama mtu anayesubiri daktari aseme. Vuai aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya Machano, aliogopa kwa ajili ya shingo yake mwenyewe, akaona haya kwamba hofu hizi mbili zimechanganyika na hawezi kuzitenganisha. Lakini Faki alikuwa ameinamisha kichwa, nusu kiko wazi, nusu kina nywele, na shingo yake ya nyuma ilionekana changa. Vuai akakata shauri. Atasema. Atautoa mkono kwanza, auonyeshe kwa watu, na watu wakiwa bado wanautazama atasema, mbele yao wote, jinsi chuma kilivyokuwa kimelala.

"Nikutoe kwanza," alisema. "Halafu nitakujibu."

Akaweka wembe mezani. Akainua pindo la shuka, akatia mkono ndani ya shati la Faki, akaukuta. Ulikuwa mtupu. Ulikuwa umefumbata ngozi ya kifua, una jasho, na chini yake moyo unakwenda. Vuai karibu alie kwa nafuu. Alijisogeza apate kuushika vizuri, akainama zaidi, na koti likaning'inia mbele, zito upande ule mmoja, na kile kilichokuwa ndani ya mfuko wa Mize kikamgonga Faki shavuni.

Faki akageuza uso taratibu, akakipapasa kwa shavu, kupitia kitambaa, ahakikishe.

"Hiki nini?"

"Ni Mize tu. Ni leo tu, Wallahi, ni leo ya kwanza."

"Umekuja kunitoa mkono na umevaa."

"Faki, sikiliza, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Kinyozi anakuja na mikono mitupu. Hicho tu ndicho mji huu ulichobakiwa nacho, kaka. Mtu mmoja." Akauondoa mkono wa Vuai kifuani kwake kwa mkono wa kushoto, polepole, bila chuki, akasimama. "Neno la mtu aliyevaa nitalipeleka wapi? Watasema umeogopa."

Akatoka hivyo hivyo, shuka shingoni, kichwa nusu, mkono kifuani.

Vuai angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na mlango ulikuwa wazi, na benchi zima lingesikia. Badala yake alifanya lile ambalo mwili ulimtuma: aliuokota wembe, kwa kuwa kazi ilikuwa nusu, akamkimbilia. "Faki! Ngoja! Mzuieni, ngojeni!" Na nyuma yake benchi likainuka, likatoka nje, mikono ndani.

Mize alikuwa anaingia sokoni kwa njia ya kwa muuza mkaa, na kapu la chakula cha mchana. Alichokiona yeye ni hiki: mtu kafunikwa shuka, nusu ya kichwa ina nywele, macho mekundu, mkono umo kifuani, anatoka mbio dukani kwa mume wake, na mume wake nyuma, wembe mkononi, koti wazi, anapiga ukelele azuiwe. Mtu mwingine yeyote mjini mule angeona vile vile. Mize hakuwa mtu wa hasira wala wa papara, alikuwa mtu aliyempenda mumewe. Mkono ukaingia chini ya kitambaa, ukapiga.

Faki alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu.

Wali ulikuwa umemwagika juu ya miguu ya Mize na hakuutazama. "Baba Zume," alisema, "alikuwa anakuja kukuua. Nimeona. Si alikuwa anakuja kukuua?" Midomo yake ilikuwa myeupe. Mtu mmoja akasema mtazameni kama anacho, na mwingine akasema hatuwezi, ni mfiwa, mwiteni kinyozi. Kinyozi alikuwa pale. Watu wakampisha, nao wakaanza kumtazama Mize kwa ule utazamaji wa watu wanaojipanga kumsindikiza mtu mahali.

Vuai alipiga magoti. Akalivuta shuka likawafunika yeye na Faki mpaka kiunoni, akatia mkono. Mkono wa Faki ulikuwa pale pale, kifuani, umelegea, mtupu, bado una joto. Aliushika. Chini ya shuka kulikuwa na mwanga mweupe wa jua lililochujwa, na harufu ya sabuni yake mwenyewe. Kutoka pale alisikia meno ya Mize yakigongana. Neno lilikuwa lile lile alilokuwa amekusudia kulisema dukani, la kweli, jepesi, na sasa kulisema ni kumpeleka mama wa watoto wake nyuma ya jengo la Baraza kwa miguu yake. Alijaribu kumfikiria Faki. Alijaribu kweli. Alimfikiria Mize akifunga vifungo.

Mkono wake wa kushoto ulikwenda ubavuni, ukafungua mfuko. Vidole vya mtu aliyekufa hivi punde havikatai. Unavikunja kimoja kimoja vinakaa, ila havikazi, na Vuai alijua havikazi, na alijua hapa duniani hakuna mwingine atakayejua.

Akautoa mkono nje ya shuka, akauinua, watu wauone.

"Kimo mkononi," alisema.

Soko likashusha pumzi. Wako waliosema hofu ya kweli, hofu ya kweli, maskini mama wa watu, na mwanamke mmoja akamkalisha Mize juu ya gunia akampa maji. Mwingine akasema basi itakuwa ni mchana, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, ikawa mchana, wakarudi kwenye biashara zao. Wawili wakaulizana juu ya jembe, maana upande wa jalala udongo ni mgumu. Mize hakunywa yale maji. Alikuwa amelikazia macho koti la mumewe, upande wa ubavu aliokuwa ameushona, ulivyolala bapa.

Machano akachuchumaa karibu. Akasaidia kulinyoosha shuka, akaikunja pembe vizuri chini ya bega la Faki, kwa uangalifu wa jirani. Kisha akasema karibu na sikio la Vuai, pasipo kinyongo, kama anayempa mwenzake khabari za nyumbani:

"Mimi alinifanyia mama."

Vuai aliomba maji, akauosha ule mkono, akaokota wembe mchangani na kuufuta kwa koti, akaanza kumnyoa Faki nusu iliyobaki.